Jinsi ya kuosha vioo vya juu kwa nje, kama nyumba yako imekaa kwenye mawe hapa Mwanza

Nyumba nyingi za huku kwetu ukiziangalia kwa mbele unaona za kawaida tu, baraza, mlango, dirisha la kufikia kwa mkono. Sasa zunguka nyuma. Unakuta ukuta umeshuka mita tano sita mpaka kwenye jiwe, na jiwe lenyewe limelala mshazari kama mgongo wa kiboko, afu juu huko ndo kuna dirisha kubwa la sebuleni linaloangalia ziwa, maana fundi na mwenye nyumba wote walikuwa wanawaza upepo na ziwa, hakuna hata mmoja aliyewaza nani ataliosha. Mi naishi nyumba ya hivyo upande wa Bwiru na nimeshafanya karibu makosa yote, kwaiyo nayoandika hapa ni yale yaliyobaki baada ya makosa.

Kosa la kwanza ndo lile la kila mtu. Nilikaa dirishani, miguu ndani, makalio nje, mkono mmoja umeshika nondo mwingine una tambara. Chini akapita bibi mmoja na beseni lake la samaki kichwani, akasimama akaniangalia. Nikaona sio adabu kukaa kimya, nikasema shikamoo bibi. Akajibu, "Marahaba ng'wanawane, shuka kwanza, kioo kitanunuliwa kingine." Nikashuka. Tokea siku hiyo kanuni yangu imekuwa moja tu, mwili ubaki chini au ubaki ndani, kinachopanda juu ni mti, yaani fimbo ndefu.

Kabla ya kushika ndoo, zunguka nyumba

Angalia vitu vitatu. Cha kwanza nyaya za umeme. Mitaa ya milimani kama Isamilo, Bugarika, Kitangiri, Mabatini, unaweza ukakuta waya unapita usawa wa dirisha lako kabisa kwasababu nguzo imesimama juu na nyumba ipo chini yake. Kama mti wako ukiinuka unaweza kugusa waya hata kwa bahati mbaya, hilo dirisha halioshwi kwa mti, basi. Wengi wanasema aaah mi natumia mwanzi sio chuma. Mwanzi ukilowana unapitisha umeme, na wewe unaosha, lazima utalowana.

Cha pili ni pale utakaposimama. Jiwe letu la Mwanza likiwa kavu unapanda hata na kandambili, likipata maji ya sabuni ni kama limepakwa mafuta, hasa zile sehemu zenye kaukoga keusi ambako maji ya mvua yanapita kila siku. Ngazi juu ya jiwe mshazari usiweke. Hata ukiweka tofali chini ya mguu mmoja, hata kama kijana anashikilia. Ngazi inataka chini pawe sawa na pakavu, na kwa kila mita nne za kwenda juu mguu wake utoke mita moja kutoka ukutani, na iegemee ukuta sio kioo wala gata, na kuna mtu ameikanyaga chini muda wote sio yule wa kushikilia huku anachati. Ukikosa kimojawapo katika hivyo basi huna ngazi, una kuni.

Cha tatu ni nani anaishi chini yako. Hii ndo watu wanasahau. Huku paa la jirani linaweza kuwa usawa wa msingi wako. Mwaka juzi nilimwaga ndoo nzima ya maji machafu ya sabuni, nikasikia kelele huko chini, kumbe mama wa nyumba ya chini alikuwa ameanika dagaa kwenye jiwe. Niliteremka mwenyewe, nikamwomba radhi, nikalipa sado mbili, na mpaka leo akiniona na ndoo anauliza "baba leo unaosha?" kwa sauti ya kwamba anajua atafanya nini nikisema ndio. Siku hizi naita kwanza, naulizia nguo za kwenye kamba, dagaa, na watoto wanaochezea pale chini, ndo naanza.

Siku ya kuosha

Kwa mtu wa Dodoma siku yoyote ni siku. Sisi tuna wale wadudu wa ziwani. Unawajua, asubuhi unaona kama moshi umesimama juu ya maji, nguzo kabisa, ukadhani kuna meli inaungua, kumbe ni wadudu. Hawaumi, ila wakiletwa na upepo jioni taa zikiwa zinawaka wanajaa kwenye kioo mpaka kioo kinakuwa kama kimepakwa uji wa ulezi. Wanakulia kwenye tope chini ya ziwa afu wanatoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, kwaiyo ukiosha vioo mwezi unakaribia kuandama umefanya kazi ya bure. Mi nasubiri mwezi ufike nusu hivi. Na wiki ile ya wadudu nazima taa za upande wa ziwani mapema au navuta pazia zito, hiyo peke yake inapunguza kazi sana kuliko sabuni yoyote.

Ukiwa wa kuosha mara chache, osha mwishoni mwa Mei masika yakiisha, na tena katikati ya Desemba kabla wageni wa Krismasi hawajaja. Juni mpaka Agosti ni vumbi, utaosha Jumamosi na Jumatano huoni tofauti.

Saa ni asubuhi, saa moja mpaka saa tatu. Mchana upepo unatoka ziwani, mti unayumba na maji yote yanakurudia, afu jua likishapiga kioo sabuni inakaukia hapohapo inaacha michirizi ambayo utaifuta mpaka uchoke. Kama dirisha lako linaangalia mashariki basi geuza, fanya jioni.

Vifaa, na wala sio vya gharama

Mti. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ulizia fimbo ya rola ya rangi, ile ya kuvuta inarefuka. Zile za kawaida zikivutwa zinafika kama mita tatu, ukijumlisha na urefu wako na mkono unafika zaidi ya mita nne juu, na hiyo inatosha madirisha mengi ya nyumba za watu wa kawaida. Ukitaka zaidi tafuta mwanzi mkavu mwepesi, ulionyooka. Wavuvi wana upondo wa kusukumia mtumbwi, nilishaazima mmoja pale Kirumba, urefu ni mzuri ila uzito, dakika kumi mabega yameisha. Bomba la plastiki la maji la inchi moja usihangaike nalo, likishazidi mita tatu linanesa kama fimbo ya kuvulia sangara, unalenga kioo unapiga ukuta.

Brashi na rola. Hapa nilijigundulia kitu, ile rola ya rangi yenye manyoya, mpya isiyo na rangi, ukiichovya kwenye maji ya sabuni inaoshea kioo vizuri kuliko brashi, haikwaruzi, inabeba maji mengi na inaingia moja kwa moja kwenye ile fimbo yake. Nunua rola ya bei ya chini tu.

Cha kuvutia maji, ile ya mpira wanayofutia vioo vya magari kule sheli. Usichukue ya plastiki ngumu, pitisha kidole kwenye mpira wake, kama una meno au umepinda utaacha mistari. Kukifunga kwenye mti tumia mpira wa tyubu, uleule wanaofungia mizigo vijana wa boda, zungusha kwa nguvu huku unauvuta, haulegei hata ukilowa. Waya wa kufungia nondo usitumie, ukilegea ncha yake inachora kioo na mchoro wa kioo hautoki.

Maji ya kusuuzia. Presha ya bomba mara nyingi haifikishi maji juu huko. Sisi ni watu wa pamba, bomba la mgongoni la kupulizia dawa kila ukoo lipo moja, lina mpini mrefu na linarusha maji vizuri sana. ILA liwe halijawahi kuwekewa dawa. La shambani usilete nyumbani hata ukiliosha mara kumi, maji yale yanakurudia usoni na yanashuka kwa jirani mwenye dagaa.

Halafu ndoo mbili, fagio laini la kutolea buibui, na matambara ya pamba. Pale soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba tafuta tisheti zilizochakaa na taulo, ukizifua mara mbili hazitoi tena nyuzi. Magazeti ya zamani yanafanya kazi kwa vioo vya ndani, kwa nje juu ya mti yanalowa yanachanika.

Kazi yenyewe

Anza kavukavu. Narudia, kavu, usiweke maji kwanza. Wadudu waliokufa na utando wa buibui (na buibui wa Mwanza wanakula vizuri hawa, wana utando mpaka kwenye kona za gata) ukivimwagia maji vinageuka tope la kijani linalojipaka kioo kizima. Chukua fagio laini, anzia juu ya fremu, kona zote, shuka. Funga pua na kitambaa, na ukikuta mavi ya ndege yaliyokauka hayo ndo uyaache kwanza, usiyakwangue makavu yakawa vumbi unavuta. Hasa ya wale korongo wakubwa wenye upara, wale hawana mzaha. Yaweke tambara lililolowa juu ya mti, lishikilie pale dakika kadhaa mpaka yalainike, ndo uyafute.

Baada ya hapo ndo maji. Lowesha kioo kizima kwa maji matupu, vumbi lishuke, kwasababu vumbi letu lina mchanga wa mawe na ukianza kusugua kabla halijashuka unasaga kioo.

Sabuni, hapa watu wanaharibu. Ndoo ya lita kumi inataka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, kimoja. Povu sio usafi. Ukiweka kikombe kizima utasuuza mpaka jioni na bado jua likitoka utaona mawingu kwenye kioo. Sabuni ya unga usitumie, haiyeyuki yote.

Chovya rola, iache ichuruzike kidogo isije ikakumwagikia kwenye kwapa, panda nayo juu kabisa, sukuma kushoto kulia mpaka chini. Simama umbali kidogo kutoka ukutani, sio chini ya dirisha, ili mti uwe umelala kidogo na uone unachofanya, ukisimama chini kabisa shingo inauma na maji yote ni yako. Pale kwenye uchafu mgumu rudia, usikandamize. Rola ikichafuka isuuze kwenye ndoo ya pili, usirudishe uchafu kwenye ndoo ya sabuni.

Suuza toka juu. Afu kioo hakijakauka, panda na mpira wako, uweke juu kwenye ncha, vuta mpaka chini mkono mmoja usiokata. Kila mvuto unaopanda nao upande juu ya ule uliopita kama vidole viwili, na kila ukishuka futa mpira kwa tambara kavu. Mara ya kwanza utaacha mistari, kila mtu anaacha, usikate tamaa ukarudi kukaa dirishani.

Kwa maji ya ziwa, haya ya bomba, ukivuta vizuri hayaachi alama sana kwasababu hayana chumvi nyingi. Wenye visima virefu ndo wanalalamika madoa meupe ya duara duara. Dawa yake ni siki nyeupe nusu na maji nusu, paka na rola, subiri dakika tano, suuza sana. Usiache siki ichuruzike kwenye kizingiti cha terazo au marumaru, inakula. Na kama ulishatumia jiki pale kutoa ukungu, suuza kabisa kabla siki haijafika, au zifanye siku tofauti, jiki na siki zikikutana zinatoa hewa ya sumu, na hewa ile haijali kwamba upo nje.

Vitu vya kutogusa kabisa kwenye vioo hivi ni stili waya, mchanga, majivu, na zile dawa kali za kusafishia vyoo. Stili waya na mchanga vinachora, dawa ya choo inaila aluminiamu inakuwa na mabaka meupe ambayo hayarudi. Kama kioo ni kile cha rangi kinachong'aa kwa nje kama miwani, hapo hata wembe usilete, ule mng'ao umepakwa juu ya kioo na unatoka. Matone ya rangi ya mafundi kwenye kioo cha kawaida unaweza kuyatoa na wembe mpya kioo kikiwa kimelowa, umelaza, lakini hiyo ni kazi ya mkono, mti hauwezi, subiri siku ambayo kioo kimetolewa.

Kutoa kioo chenyewe

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni mengi yanatoka. Unalisukuma jani la dirisha katikati, unalinyanyua juu mpaka chini litoke kwenye reli, unavuta chini kwako, linaingia ndani, unaliosha bafuni kama sahani. Rahisi hivyo, ila inategemea mambo mawili, grili yako ipo upande gani, maana kama nondo zipo ndani hakitoki kitu, na dirisha ni kubwa kiasi gani. Jani likizidi urefu wa mkono wako uliounyoosha muwe wawili, na mmoja asiachie hata simu ikiita. Kioo kikiponyoka kwa nje huko chini kuna watu. Kama hujawahi kulitoa mwite fundi aluminiamu akuoneshe mara moja, mengine yana kikoko kidogo juu kinachozuia lisinyanyuke na kinafunguliwa kwa bisibisi, ukilazimisha unapinda fremu.

Mkiwa hapo angalieni reli ya chini. Kwa nje ina vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua, na huku kwetu vinazibwa na wale wadudu waliokufa wakichanganyika na vumbi inakuwa kama saruji. Halafu mvua za Novemba zikija watu wanasema dirisha linavuja, wanapaka silikoni kila mahali. Halivuji, limeziba. Zibua kwa njiti ya fagio la chelewa, mwaga kikombe cha maji ndani ya reli uone kama yanatoka nje.

Na nyavu za mbu zitoe zioshwe pembeni, zilaze chini, brashi laini na sabuni, suuza kwa nyuma. Wavu mchafu mbele ya kioo safi mvua ya kwanza tu inateremsha uchafu wote kwenye kioo. Zikauke kabisa ndo zirudi.

Ile ya sumaku

Kuna vifaa vya vipande viwili vya sumaku, kimoja ndani kimoja nje, ukisogeza cha ndani cha nje kinafuata. Nilinunua kwa kiherehere. Vinafanya kazi, lakini lazima viendane na unene wa kioo chako, sumaku ikiwa dhaifu cha nje kinadondoka, ikiwa kali sana vinang'ang'ania hutoi. Pima kioo kwanza ndo uagize. Kamba yake ifunge kwenye nondo kabla hujatoa mkono nje, sio kwenye kidole. Na usivitumie kwenye kioo chenye vumbi, mchanga ukikaa katikati ya sumaku umepata msasa. Mi natumia kwa dirisha moja tu la kwenye ngazi ambalo mti haufiki.

Ghorofa ya tatu kwenda juu

Hapo mti umeisha, kazi ni ya watu wa kamba. Kabla hawajaanza panda nao juu uone wamefunga wapi. Mtu anatakiwa awe na kamba mbili, moja ya kushukia na moja ya akiba, zimefungwa sehemu mbili tofauti kwenye kitu cha zege kisichong'oka, na mkanda wa mwili mzima sio wa kiunoni tu, kofia ngumu kichwani, na ndoo yake imefungwa pia. Chini pazungushiwe utepe watu wasipite. Nilishaona kijana amekuja na kamba moja ya manila ya kuvutia mtumbwi, akaifunga kwenye simtanki, simtanki lenyewe nusu halina maji. Nikampa nauli ya kurudi.